Nimeitwa juri hapa Houston, nachomokaje? Wenye uzoefu mpite huku

Mchovu wa Zamu (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu. Naenda kwenye hoja moja kwa moja maana niko mapumzikoni kazini na mapumziko yenyewe ni ya kuchungulia saa.

Nimeapishwa uraia mwaka jana. Nikapiga picha na kibendera, nikaitupia kwenye magrupu yote, mama kule Tabora akaita majirani waje waone. Sasa deni limeanza kudaiwa: nimekuta barua kwenye sanduku kutoka kaunti ya Harris, nimeitwa kwenye juri, lile kundi la watu wa kawaida wanaosikiliza kesi mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kuna tarehe, saa ya kufika, na onyo kwamba usipotokea kuna faini.

Kazi zangu ni mbili. Usiku nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, mchana nasambaza mizigo. Zote nalipwa kwa saa, nisipoingia hakuna kitu. Msimamizi nilipomwonyesha barua akasema "hongera" akaendelea na simu yake. Na Januari ada za wadogo zangu zinanisubiri mimi.

Jamaa mmoja kazini ananiambia andika tu kwamba si raia, wanakufuta. Mwingine anasema ukifika kule ropoka kwamba kila anayeshtakiwa ana hatia, watakutoa mbio. Naomba njia ya kueleweka. Na tafadhali, mahubiri ya uzalendo sitaki, mahubiri nayapata Jumapili.

Nanjilinji Original

Nimeshakaa mbele kabisa. Karanga ninazo. Wajuzi tiririkeni.

Shangazi wa Katy

Mdogo wangu, hilo la "si raia" lifute kichwani leo hii.

Texas majina wanayatoa sehemu mbili: daftari la wapiga kura, na orodha ya wenye leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Ukijibu kwamba si raia, karani haitupi hiyo karatasi kapuni. Orodha ya waliojitoa kwa sababu hiyo inapelekwa kwa msajili wa wapiga kura kila mwezi. Unafutwa daftarini, na kama ulishapiga kura, jina lako linaweza kuishia mezani kwa mwendesha mashtaka. Yaani umekula kiapo mwaka jana, mwaka huu umesaini karatasi ya serikali kwamba uraia huna. Siku ukiomba kumleta mama, ofisa wa uhamiaji utamwambia nini?

Na wenye grini kadi mnaosoma kimyakimya, kwenu ni kinyume chake. Mkiitwa kwa sababu ya leseni, wekeni alama kwenye "si raia", rudisheni, basi. Usiende "kujaribu bahati" ukakaa kwenye kiti ambacho ni cha raia. Kujitangaza raia wakati hujawa raia ni kosa ambalo uhamiaji hawalisamehi kirahisi, na kuna watu wamefungiwa mlango moja kwa moja kwa hilo.

Mtoto wa Uvira

Asante sana mama kwa hii maelezo. Sisi tuko Louisville, tulitoka kambi ya Nyarugusu. Mjomba wangu alipata hiyo karatasi, akaona neno la korti, akafikiri ameshitakiwa. Hakulala. Asubuhi akavaa koti la harusi, akaenda na Biblia. Karani akamuuliza tu kama ni raia, akasema bado, akamwambia rudi nyumbani mzee. Mpaka leo barua yote yenye muhuri anaileta kwangu kwanza kabla hajaifungua.

Nanjilinji Original

Koti la harusi na Biblia 😂😂 mjomba alijiandaa kwa hukumu ya mwisho.

Kalamu Nyeusi

Mtoa mada, hiyo ya kuropoka wameijaribu wengi. Mwaka 2011 kule Denver mama mmoja alitinga kortini ana rola za nywele kichwani, vipodozi vimepakwa ovyoovyo usoni, viatu havifanani. Akamwambia jaji ana matatizo ya akili. Akaachiwa, akaenda zake. Miezi michache baadaye redioni kukawa na kipindi cha watu kusimulia walivyokwepa juri. Naye akapiga simu, akasimulia kwa madaha alivyomchenga jaji. Na jaji yuleyule alikuwa anasikiliza. Mwaka uliofuata mama akakiri makosa, akapewa kifungo cha nje na kazi za kujitolea.

Florida 2019, kijana wa miaka 21 alikuwa ameshachaguliwa, siku ya kesi akapitiwa na usingizi na hakupiga simu kutoa taarifa. Siku 10 jela. Watu wakapiga kelele nchi nzima ndipo jaji akamfutia hatia, lakini siku 10 alishazilala.

Siku nyingi ukipotezea barua hakuna kinachotokea, tusidanganyane. Ila ni jaji gani atakayeamua kukufanya mfano, hilo hulijui wewe wala mimi. Mahakama za shirikisho wao wameandika kabisa: faini hadi dola 1,000, kifungo hadi siku 3, au kazi za kujitolea, au vyote kwa mpigo.

Mchovu wa Zamu

Shangazi, Kalamu, nimewaelewa. Basi nielezeni mle ndani kunakuwaje. Nikikaa kona ya nyuma kimya si hawatanigusa?

Shangazi wa Katy

Ngoja nikupe picha, maana nimekaa kwenye hivyo viti zaidi ya mara moja.

Unafika, unakaguliwa, unaingizwa kwenye ukumbi mkubwa. Wanawagawa mafungu mafungu, kila fungu linapelekwa kwa jaji wake. Kwa kesi kubwa ya jinai mnaweza kuwa watu sitini hivi, na kila mmoja ana namba. Mnakaa kwa mpangilio wa namba. Kabla maswali hayajaanza, wakili wa upande wowote anaweza kuomba majina yachanganywe upya kama karata, huo ni utaratibu wa Texas. Yakishachanganywa, namba uliyoangukia ndiyo itakayokufunga au kukuokoa.

Kwa nini? Kwa sababu mle ndani hakuna anayechaguliwa. Watu wanaondolewa, na wanaobaki ndio juri. Kesi kubwa ya jinai inataka wajumbe 12. Mwendesha mashtaka ana nafasi 10 za kumkata mtu bila kutoa sababu yoyote, wakili wa utetezi naye 10. Jumla 32. Kabla ya hapo jaji anawatoa wale walioonyesha wazi kwamba hawawezi kutenda haki, na hao hawana kikomo. Kisha kila upande unachukua orodha na kalamu, wanakata majina kuanzia juu. Majina 12 ya kwanza ambayo hayajakatwa, hayo ndiyo yanakaa. Kesi ndogo za mahakama ya kaunti wajumbe ni 6 na kila upande unakata 3.

Sasa fanya hesabu. Mwenye namba 58 anaweza kusinzia mchana kutwa na akarudi kwake. Mwenye namba 4 aliyenyamaza ameingia. Ndiyo maana ushauri wa "kaa kimya wasikuone" unawaponza watu: mtu kimya hajampa wakili yeyote sababu ya kumkata.

Kalamu Nyeusi

Shangazi umemaliza. Niongezee maswali yenyewe ili mtoa mada asishtukizwe.

Mwendesha mashtaka atauliza: ukisikia shahidi mmoja tu, na ukamwamini kabisa, unaweza kumtia mtu hatiani? Wapo wanaosema hapana, lazima wawe wawili. Wanatolewa. Wakili wa utetezi atauliza: mteja wangu akiamua kutosema neno, nani hapa ataona anaficha jambo? Mikono inanyooka kama darasani. Na kwa kuwa Texas mshtakiwa anaweza kuomba juri ndiyo impangie adhabu, watauliza kama unaweza kufikiria adhabu ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa kosa hilohilo. Hapo ndipo wengi wanapotoka, na wengine kwa dhati ya moyo wao.

Ila ukileta usanii wa "wote wana hatia", jaji anakuita pale mbele. Mawakili wote wamekuzunguka, mwandishi wa mahakama anachapa kila neno, na uko chini ya kiapo. Anakuuliza taratibu: nikikwambia sheria ndiyo hii, utaifuata au hutaifuata? Mtu mzima mwenye akili timamu anajikuta anasema nitaifuata. Anarudi kukaa, kila mtu ukumbini anamtazama.

Fundi Kaptula

Mimi nilisikia ukisema Kiingereza hujui wanakuachia.

Shangazi wa Katy

Fundi, nilimshuhudia mmoja akiijaribu hiyo. Jaji akamuuliza kwa upole: umekaa Marekani muda gani? Kazi yako nini? Na bosi wako mnaongea lugha gani? Jamaa akajieleza kwa Kiingereza kirefu mno, mpaka na malalamiko kuhusu mshahara. Jaji akamshukuru, akaandika. Jamaa akabaki.

Kama kweli Kiingereza kinakupiga chenga hakuna aibu, sema mapema kwenye karatasi. Mahakama za shirikisho zinadai uwe unakimudu. Ila ukihamia New Mexico hiyo kinga huna: katiba ya jimbo lile inakataza kumnyima mtu kukaa juri eti hajui Kiingereza au Kihispania. Wanaleta mkalimani.

Mkisii wa Leicester

Wadau, huku Uingereza mambo ni tofauti na nadhani wengi hawajui hii. Huku si lazima uwe raia! Ukiwa unatoka nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali cha kukaa, unaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Na ukishakuwa kwenye daftari, una miaka 18 hadi 75, na umeishi huku angalau miaka 5 tangu ulipofikisha miaka 13, unaitwa. Kwa hivyo Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda, pasipoti ya kwao mfukoni, anaketi kuamua kesi ya Mwingereza. Mkongo na Mrundi bila uraia, hapana.

Mimi niliitwa nikiwa na pasipoti ya Kenya. Nikadhani wamekosea, nikapiga simu, wakaniambia hatujakosea bwana.

Na zile mbinu zenu za kuhojiwa huku hazipo. Hawakuulizi maoni yako kuhusu polisi. Karani anachomoa kadi, anasoma jina, unasimama, unaapa. Haki ya utetezi kukataa watu bila sababu iliondolewa na sheria ya 1988. Kwa kawaida ni wiki mbili, na unaweza kuahirisha mara moja, ndani ya miezi 12. Kukaidi ni faini hadi pauni 1,000. Mwajiri asipokulipa, mahakama inafidia hadi pauni 64.95 kwa siku kwa zile siku 10 za kwanza. Si mshahara lakini si aibu pia.

Theluji Tupu

64.95? Njoo Ontario. Siku 10 za kwanza hulipwi senti. Kuanzia ya 11 ni dola 40 kwa siku, na 100 ukifika siku ya 50. Na ukitoka ni kosa la jinai kusimulia mliyojadiliana chumbani, hata kwa mke.

Mkisii wa Leicester

Hata Obama aliitwa. Novemba 2017, Chicago, jengo la Daley Center. Alienda, akasalimia watu, hakupangiwa kesi, akaachiwa. Posho ya juri ya kaunti ya Cook, kule Chicago, wakati huo ilikuwa dola 17.20 kwa siku. Kama mtoto wetu wa Kogelo alienda kwa 17.20, wewe mtoa mada wa Tabora una nini?

Mchovu wa Zamu

Mkisii, Obama ana pensheni ya urais. Mimi nina zamu ya saa tano usiku.

Jiwe la Kusagia

Nimesoma toka juu. Mnachekesha. Mnataka bendera, pasipoti ya bluu, kuleta wazazi, ila kukaa kwenye kiti siku mbili mnatafuta uchochoro. Siku mwanao akikamatwa kwa kosa la kusingiziwa utataka nani awe kwenye vile viti 12? Wastaafu wa vitongoji ambao hawajawahi kukaa meza moja na mtu mwenye lafudhi yako?

Mchovu wa Zamu

Niliomba kabisa mahubiri yasije.

Binti Kigamboni

Jiwe katumia lugha kali ila nataka nimsaidie, maana kuna jambo hapa hamjaligusa.

Zile nafasi za kumkata mtu bila sababu, alizoeleza Shangazi, zimetumika miaka mingi kuwaondoa watu weusi. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Batson dhidi ya Kentucky ikasema kumkata mtu kwa sababu ya rangi ni marufuku. Wakajifunza kutoa visababu: huyu hakuniangalia usoni, yule anaishi mtaa fulani.

Someni kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi. Alishtakiwa mara 6 kwa mauaji yaleyale na mwendesha mashtaka yuleyule. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2019, majaji wakahesabu. Katika kesi 4 za kwanza serikali ilijaribu kuwakata watu weusi wote 36 ambao ingeweza kuwakata. Katika ya sita, weusi 5 waliokatwa waliulizwa jumla ya maswali 145. Weupe 11 waliokalishwa waliulizwa maswali 12. Si kila mmoja, wote 11 kwa pamoja. Hukumu ikatenguliwa kwa kura 7 kwa 2, na mwaka 2020 mashtaka yakafutwa. Jamaa alishakaa gerezani miaka zaidi ya 20.

Arizona waliona bora waziondoe kabisa hizo nafasi kuanzia 2022. Canada walishaziondoa 2019, Theluji atathibitisha.

Kwa hiyo kaka Mchovu, wakati wewe unatafuta mlango wa kutokea, kuna watu wenye suti na kalamu kazi yao ni kuhakikisha hubaki. Unawapunguzia kazi.

Theluji Tupu

Nathibitisha.

Mchovu wa Zamu

Dada Kigamboni umeongea kitu kimeniingia, sikatai. Ila maswali 145 ya Mississippi hayalipi kodi ya nyumba yangu. Nipe jibu la hilo.

Kalamu Nyeusi

Na hapo ndipo kidonda kilipo, Jiwe anapita pembeni. Watu hawakwepi juri kwa uvivu. Wanakwepa kwa sababu nchi inataka wafanye kazi ya jaji kwa malipo ya nauli.

Angalieni Texas. Miaka yote siku ya kwanza ilikuwa dola 6. Sita! Chakula cha mchana mjini hakitoshi. Tangu Septemba 2023 ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata. California ni dola 15 na zinaanza siku ya pili. Shirikisho ni 50. Sheria inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu umeitwa, lakini kukulipa halazimiki, labda jimbo liseme. Massachusetts wamesema: siku 3 za kwanza analipa mwajiri, kisha serikali inatoa dola 50. Mimi nawapa maua yao kwa hilo.

Matokeo yake ni kwamba anayebaki ni mstaafu, mwalimu, mfanyakazi wa serikali, na yule wa kampuni kubwa ambaye mshahara unaingia akiwepo asiwepo. Dereva, mhudumu wa wagonjwa, msusi, wanaomba kutoka. Halafu tunashangaa juri haifanani na mtaa.

Mzee wa Mpwapwa

Vijana, niwarudishe nyumbani kidogo.

Marehemu baba alikuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo. Wakati wao hakimu alikaa na wazee wasiopungua wawili na walipiga kura, walio wengi ndio walioshinda. Hakimu mwenyewe aliweza kushindwa. Nakumbuka kesi moja ya mpaka wa shamba: hakimu anauliza hati, mdai anatoa makaratasi, mdaiwa hana kitu. Baba akauliza swali moja tu: kabla ya nyumba ya huyu bwana, pale palikuwa na mti gani? Mdai akababaika. Mdaiwa akajibu mbuyu, na uliangushwa na nani. Wazee wote wakajua nani alizaliwa pale. Hakuna mtu aliyekwepa ile kazi, ilikuwa heshima. Posho ilikuwa ndogo na ilichelewa, lakini ukipita sokoni unaamkiwa.

Bwana Shauri

Shikamoo mzee. Niongezee kwa upande wa Mahakama Kuu, maana vijana wanaweza kudhani ilikuwa juri ya Wamarekani. Haikuwa. Kwenye kesi za mauaji wazee walikaa na jaji, wakatoa maoni mwishoni, lakini jaji hakufungwa nayo. Alitakiwa tu awaeleze kesi vizuri kabla ya kuwasikia. Na hapo ndipo hukumu nyingi zilipoanguka Mahakama ya Rufani: jaji hakuwafafanulia jambo la msingi, au wazee waliachwa wakamhoji shahidi kama mawakili. Kesi inaanza upya, shahidi ameshahama au kafariki. Tangu marekebisho ya 2022 jaji halazimiki tena kukaa nao. Kenya waliwaondoa kwa sheria ya 2007.

Kenya ya mkoloni, Mkisii anajua, juri ilikuwepo ila ya Wazungu. Nairobi 1941 Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa mauaji ya Lord Erroll, juri ya Wazungu watupu ikamwachia. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji miaka hiyohiyo alipewa jaji na wazee wa kutoa maoni tu. Na Kapenguria mwaka 1952, Kenyatta na wenzake walikutana na hakimu mmoja peke yake.

Mkisii wa Leicester

Bwana Shauri umenena. Shikamoo mzee wa Mpwapwa, ile ya mbuyu nimeipenda.

Shangazi wa Katy

Marahaba zenu wote, ila turudi kwa huyu kijana, muda unamwishia.

Mchovu, njia halali zipo na ni rahisi kuliko usanii wote huo. Ahirisha. Texas ukiomba kabla ya siku yako, na hujaahirisha ndani ya mwaka mmoja, unapewa tarehe nyingine isiyozidi miezi 6. Huelezi chochote, wengi wanamaliza mtandaoni. Chagua mwezi ambao ada zimeshalipwa.

Pili, soma misamaha nyuma ya barua. Una mtoto chini ya miaka 12 ambaye atabaki bila mwangalizi? Unasoma chuo? Unamlea mgonjwa asiyejiweza? Hizo ni zako kihalali.

Tatu, la fedha. Karani hawezi kukuachia kwa sababu ya hela peke yake, sheria ya Texas inataka pande zote za kesi ziwepo na zikubali. Kwa hiyo nenda, na jaji akiuliza nani kesi hii itamuumiza, nyoosha mkono. Sema: nalipwa kwa saa, nisipoingia sipati kitu, kodi ni tarehe fulani. Usilie, usiongeze chumvi. Mawakili wote wawili mara nyingi wanakubali haraka, hakuna anayetaka mjumbe anayepiga hesabu ya kodi wakati shahidi anaongea.

Na jamani, akikupigia mtu simu anajiita askari wa kaunti, eti umekosa juri na kuna hati ya kukamatwa, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi: kata simu. Ni matapeli. Mahakama haidai faini kwa simu. Mama mmoja wa kanisani kwetu alibaki kidogo tu atume, mwanawe ndiye aliyemnyang'anya simu.

Mchovu wa Zamu

Nimeahirisha tayari. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika huu uzi. Mbarikiwe.

Nanjilinji Original

Uzi usifungwe, tunataka mrejesho.

Mchovu wa Zamu

MREJESHO. Wakuu samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri iishe maana unakatazwa kuongea.

Nilienda. Walinipeleka mahakama ya kaunti, kesi ya kuendesha gari umelewa, wajumbe 6. Namba yangu ilikuwa ya mwanzoni kabisa kwenye orodha, nikakumbuka hesabu ya Shangazi nikajua nimekwisha. Jaji akauliza kuhusu shida, akasema kesi haizidi siku mbili. Nikapima, nikaona nikinyoosha mkono kwa siku mbili nitajidharau. Nikakaa. Hawakunikata.

Tulitazama video ya polisi. Mshtakiwa anaambiwa asimame kwa mguu mmoja ahesabu, anayumba, polisi anaandika. Chumbani tukabishana. Mama mmoja, mtu mzima, akasema hebu tujaribu wenyewe. Basi sita tukasimama, mlango umefungwa, kila mtu mguu juu, tunahesabu. Mimi nilitoka zamu ya usiku siku moja kabla, nikayumba kabla ya wote. Fundi wa viyoyozi akashika meza. Tukarudi kukaa, tukaangalia ile video tena kwa macho mengine. Ushahidi wenyewe haukuwa na kitu kingine cha maana. Tukamwachia.

Nimelipwa dola 20 na dola 58. Zamu nilizokosa ni zaidi ya mara tatu ya hizo, na msimamizi ameshaanza kununa. Wakiniita tena nitaahirisha tena, Jiwe asije hapa na maneno yake.

Jiwe la Kusagia

Sina neno. Ila uliyumba kabla ya wote na hukunywa.

Mchovu wa Zamu

Ndicho nilichowaambia mle ndani.

Mama Samira TX

Samahani kuufufua uzi. Mimi na mume wangu tumepata barua siku moja, tarehe moja, na mtoto ana miaka minne. Tunafanyaje? Twende naye?

Shangazi wa Katy

Usimpeleke mtoto, hawana pa kumweka. Mmoja wenu atumie kipengele cha mtoto chini ya miaka 12, mwingine aende. Kama mnataka kwenda wote, mmoja aahirishe, fanyeni leo msingoje wiki ya mwisho. Na atakayetangulia abebe sweta na kitabu. Simu wanaweza kumwambia azime akiingia kwa jaji, na kiyoyozi cha mle ndani hakina huruma.